Bibi Anataka Safi

Jumamosi, 2 Novemba

Sinia la Bibi limerudi kama lilivyokwenda. Wali haukuguswa. Kuku kadonolewa kwa kidole mahali pamoja, akaachwa. Kala tende tatu, kanywa kahawa yake, kageukia ukutani. Siku ya tisa hii tangu atoke hospitali na nyonga yake mpya.

Nimeosha sinia. Nikaliosha tena. Nimefagia jiko nililokwisha kulifagia. Siwezi kukaa kitako.

Madam kaja jikoni na mkoba begani, anatoka kusomesha masomo ya ziada. Ndiye binti wa Bibi na ndiye mwenye nyumba. Hunisemesha Kiarabu cha kukatakata, ishara nyingi, ili nimfahamu. Kasema ile ofisi iliyonileta huku kutoka Unguja itapiga simu Alhamisi, tarehe kumi na nne. Ndio mwisho wa majaribio yangu. Bibi akila, nabaki. Asipokula, watamtafuta mpishi mwingine. Hakusema kwa ubaya. Kasema tu, halafu kafungua friji akanywa maji.

Mie nimekwisha kurudishwa mara moja, nyumba ya kwanza walipohama nchi. Ofisini waliniambia wazi: ukirudishwa mara ya pili, ndege. Na Unguja yupo wifi yangu Mwanakheri, aliyesema mbele ya watu siku naondoka kwamba nitarudi mkeka wangu haujapoa. Miaka ishirini nimepika shughuli za watu. Harusi, hitima, maulidi. Sirudi kuwa kichekesho cha uani.

Jumapili, 3 Novemba

Asubuhi Madam kasimama mlangoni, funguo mkononi. "Yumma tabi safi." Mama anataka safi. Nikamfanyia ishara ya mkia kwa kiganja: samaki? "Samak, samak. Safi." Akaenda zake.

Sikuhitaji mkalimani. Samaki wao ndiye samaki wetu, safi yao ndiyo safi yetu. Maneno haya tuliyachukua kwao zamani na hatujayarudisha. Chuoni, chuo cha Kurani, nilihitimu kabla ya kaka zangu wote. Herufi za Kiarabu nazisoma usingizini.

Lililoniudhi ni jingine. Kwani alidhani nitamletea mama yake samaki mbovu? Baba yangu alikuwa na meza ya samaki soko la Darajani. Samaki namjua kwa shavu, kwa jicho na kwa kumbonyeza, tangu sijabadilisha meno. Mie wa kuagizwa samaki safi!

Kesho Wafula atanipeleka sokoni. Wafula ndiye dereva wa nyumba, Mkenya wa Bungoma. Zamani aliendesha basi la kampuni kule Industrial Area, mpaka leo anashika usukani kama kabeba watu hamsini. Kaniambia nivae viatu vya kufunika vidole, soko lina maji chini. Kama kwamba mie nimezaliwa jangwani.

Jumatatu, 4 Novemba

Soko la samaki la bandari ya zamani. Baridi, vigae, meza za chuma, barafu mpaka kwenye kingo. Nzi hakuna hata mmoja. Nilitembea meza hadi meza kama nimeitwa na mtu nisimwone. Chewa, changu, nguru, kolekole. Wote nawajua. Wamelala tu nchi nyingine.

Meza ya pembeni ni ya Mhindi wa Kerala, miwani yake kaifunga kwa uzi. Nikamwambia, samak safi. Akainuka mbio, akanionyesha rundo la tasi. "Safi, mama. Safi."

Tasi! Samaki wa kiganja, madoa na miiba, kwetu twamnunua kwa fungu. Nyumba yenye magari matatu imtume mtu tasi? Na muuza samaki gani duniani asiyesema wake safi? Baba alisema safi hata ikifika alasiri na paka wamekwisha kukata tamaa. Nikampa mgongo.

Nikachukua chewa, mnene, jicho linang'aa. Nikampeleka kule kwa wasafishaji, wanakupa namba unangoja. Wafula kasimama mbali, pua kaifunika na kola ya shati. "Auntie, mimi samaki najua ni ngege na mbuta za ziwa. Hizi zingine ni ukora."

Mchana nimempika chewa mchuzi wa nazi, mzito, wa kumwamsha maiti. Bibi kafunua kifuniko. Kamtazama chewa, kanitazama mie. "Hadha mub safi."

Hiyo mub naijua, nimejifunza hapa hapa. Ni si. Hii si safi.

Samaki wangu mchafu. Mie, mchafu. Nimerudi jikoni, nimevunja kikombe, sijui kama kwa bahati mbaya.

Jumatano, 6 Novemba

Haya. Anataka safi, atapata safi.

Leo changu. Wasafishaji walipomaliza nikaanza mie. Limau sita. Chumvi ya mawe. Unga wa ngano, nikamsugua, nikamsuuza, siki, nikamsuuza tena. Nikapitisha kisu kwenye uti mpaka hakuna hata alama ya damu. Nikamwoka. Mweupe kama sanda.

Bibi hakumwonja. Kainama, kanusa, kasema neno moja. "Sabun."

Hilo nalo la kwao na letu. Nilitamani nisingelifahamu.

Nilipanda juu kwenye paa zinapoanikwa nguo. Nimezunguka baina ya kamba sijui mara ngapi. Shuka zinanipiga usoni. Nimemchukia, nasema kweli. Bibi kizee asiye na meno ya kutosha, mie namchukia.

Ijumaa, 8 Novemba

Hakuna soko. Madam yupo nyumbani, kamlisha mtindi kwa kijiko. Vijiko vitano. Daktari kampigia simu, Madam kajibu kwa sauti ya chini na uso kaugeuza.

Nilipomwosha Bibi miguu nimeona mguu wake unazungukwa na vidole vyangu viwili. Kumbe mtu huyu ana njaa. Hakunikataa mie. Ana njaa kweli, na kuna kitu anakitaka, na mie ninaamini nakijua na sikijui. Hapo nimeona haya.

Usiku wa siku hizi silali, mchana situlii. Nikianza kitunguu nakumbuka dengu, nikienda kwenye dengu naacha maji yanamwagika.

Jumapili, 10 Novemba

Nguru. Vipande vya duara, havina miiba. Nilifikiri labda anaogopa miiba na "safi" ni kusema asiye na miiba. Nimewaambia wasafishaji wamsafishe mara mbili. Walicheka, mmoja kamwita mwenzake aje kunitazama. Nimesimama pale na namba yangu kama mwanafunzi aliyefeli.

Mhindi wa miwani kaniona kwa mbali. "Mama! Safi! Today good safi!" Nikamwambia kwa Kiswahili, tena kwa sauti, kwamba usafi wake akaupeleke kwao. Hakujua nimesema nini, akanipungia mkono.

Bibi leo hakusema mub. Kakisogeza kipande cha nguru kwenye ukingo wa sahani, akalia. Bila sauti, machozi mawili matatu. Madam kaingia akamkuta hivyo. Kanitazama. Kaliondoa sinia mwenyewe, na mie nikajua kakwisha kuamua.

Jumanne, 12 Novemba

Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Nilikwenda sokoni alasiri bila kujua nakwenda kununua nini. Wafula kakaa garini. Nimepita meza zote nikarudi mlangoni, nikasimama kumpisha mtu na toroli. Ukutani pana ubao mkubwa wa majina ya samaki kwa Kiarabu. Nimepita mbele yake mara tatu sikuutazama, kwani mie wa kutafuta samaki ukutani?

Nikausoma kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Hamuri, na picha ya chewa. Sheri, na picha ya changu. Chanadi, na picha ya nguru. Mstari wa chini yake: swadi, alifu, fa, ya.

Safi.

Nikairudia kama chuoni, herufi kwa herufi, kidole kinapita hewani. Nikafikiri, mbona usafi umepewa mstari wake? Mbona umekaa baina ya samaki? Halafu nikaiona picha. Madoa. Miiba mgongoni. Mdomo mdogo kama wa sungura.

Tasi.

Tasi wanaitwa safi. Ni jina lake, kama chewa anavyoitwa chewa. Hakuna aliyeniambia mchafu. Bibi anataka tasi, ananiambia tangu siku ya kwanza, mtoto wake ananiambia, Mhindi ananiambia na kidole ananyooshea. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nikakimbia kwenye meza ya pembeni. Mhindi akafungua mikono miwili. Barafu tupu. "Safi finish, mama. Morning come."

Garini nikamweleza Wafula. Kacheka mpaka kazima injini. "Auntie, kwani si ungeuliza tu? Mimi nilidhani Madam anasema samaki iwe fiti." Nikamwambia kuwa hata yeye hakuuliza. "Mimi ni dereva, Auntie. Wewe ndio unajua samaki."

Kuuliza si ujinga, nimewaambia watoto wa watu maneno hayo maisha yangu yote. Sijawahi kujiambia mwenyewe. Najiona mpumbavu na nina siku moja.

Jumatano, 13 Novemba

Wafula kampeleka Madam shuleni, na kutoka huko ana zamu ya gereji. Gari hakuna mpaka saa nane. Nilizunguka meza ya jikoni mara tatu, nikamtumia Madam ujumbe wa sauti kwa Kiarabu changu cha kukatakata. Niruhusu niende mwenyewe, nikasema, Bibi nitamwacha na dada anayekuja Jumatano kusafisha nyumba. Kajibu neno moja tu, ruhusa, yaani nenda.

Sijapata kupanda treni ya metro peke yangu. Nilimwuliza mlinzi wa kituo, Mganda, anajua Kiswahili cha kijeshijeshi. Nikamwuliza tena ili nihakikishe. Nikashuka kituo cha karibu na Souq Waqif, soko kongwe la mji, nikatembea kandokando ya bahari na kikapu, jua linaniunguza kisogo. Watu wanafanya mazoezi ya mbio na mie nawapita.

Mhindi kaniwekea. Hakujua nitakuja, kaniwekea tu. Tasi kumi na wawili, macho meusi, harufu ya mwani. Nikamwomba msamaha wa juzi kwa Kiswahili. Kajibu kwa lugha yake. Tumeelewana.

Sikuwapeleka kwa wasafishaji. Nilitaka kuwashika mwenyewe. Na kwa haraka zangu nikasahau jambo ambalo mtoto wa Darajani halisahau: miiba ya tasi hukatwa kwanza kwa mkasi, ndipo unamgusa. Wa tatu kanichoma kidole cha shahada. Maumivu yakapanda mpaka kwenye kwapa. Nimeuma kanga, nimeendelea. Chumvi, manjano, mafuta ya moto. Nazi hapana. Limau moja tu, tena pembeni.

Nikabeba sinia. Nikalitua. Nikasimama karibu na mlango maana miguu ilitaka kuondoka.

Bibi kafunua kifuniko.  Kavuta sinia karibu, kapandisha mkono wa kanzu, kaanza. Kwa vidole vitatu, taratibu, anang'oa nyama na kuacha uti mzima kama kitana. Wa kwanza. Wa pili. Anaipanga miiba ukingoni. Tonge la wali, tasi, tonge la wali. Wa tatu kamla na kichwa. Nimesimama nikitazama na machozi yananitoka, nayafuta kwa mkono uliochomwa, yanawasha.

Hapo ndipo kakiona kidole. Kimevimba kama ndizi mkono wa tembo. Kaniita kwa mkono wenye mafuta, kakigeuza, kacheka. Mara ya kwanza naisikia sauti yake ya kucheka, ni nene kama ya mwanamume. "Mai harr," akasema, akanyoosha kidole jikoni. Maji ya hari. Maji ya moto. Ndiyo dawa aliyokuwa akitufanyia baba, bakuli la maji ya moto na mkono ndani mpaka unapiga kelele.

Nikaleta bakuli. Nikakaa chini pale pale karibu na kitanda chake, mkono majini. Naye kaendelea kula.

Alhamisi, 14 Novemba

Simu ya ofisi imekuja saa nne. Madam kabaki nyumbani leo. Alikuwa sebuleni, mie nyuma ya mlango nakatakata kitunguu ambacho sikukihitaji.

Kaongea muda. Kasema jina langu mara mbili. Kasema Yumma. Mwisho kasema, "Khalas. Khalas." Akakata.

Khalas naijua. Imekwisha.

Nilimwona akipita kwenda chumbani, kanitabasamia kama mtu anayemuaga mtu. Sikuuliza. Nilikwenda chumbani kwangu nikakunja nguo zote. Madira, kanga, msala wangu wa kuswalia. Picha ya baba na meza yake. Nimefunga zipu ya begi, nikafungua kuhakikisha, nikafunga. Kumbe mlo mmoja hautoshi. Labda kakwisha kumpata mtu tangu ile Jumapili.

Bibi kala tasi wanne waliobaki jana, baridi.

Ijumaa, 15 Novemba

Hakuna aliyesema kitu. Wameswali, wamekula, wamelala. Nimepika. Nikisikia mlango nainuka. Nikisikia simu nainuka. Nimekwenda paani mara tano na nguo za kuanika sina.

Namwona Mwanakheri kasimama uani, mikono kiunoni, hata kanga kaifunga mpya kwa ajili yangu.

Jumamosi, 16 Novemba

Bibi katuamrisha sote. Anataka kwenda sokoni mwenyewe. Madam kapinga, kapinga, kashindwa. Tukamvika, tukampakia. Wafula kaendesha kama kabeba mayai.

Ndani ya soko Wafula kasukuma kiti cha magurudumu, mie pembeni na kikapu. Bibi anatembeza fimbo yake juu ya barafu. Huyu hapana. Yule hapana. Anafunua shavu kwa kidole, anabonyeza tumbo, ananusa. Anafanya kama baba, sawasawa na baba, hata ule mdomo wa kudharau. Nimefurahi kumtazama. Nilisahau begi kwa muda.

Tulipofika meza ya pembeni Mhindi kasimama wima, kaweka mkono kifuani. Wakasalimiana, kumbe wanajuana tangu zamani. Kisha Bibi kanigeukia, kaniwekea fimbo begani, akamwambia yule Mhindi: "Hadhi tabbakhatna."

Hadhi ni huyu, hilo najua. La pili sikulijua. Lilikuwa refu, na mwisho wake umeingia puani.

Nikalitafuta. Nikataka kulikisia, kwa sababu nimekwisha kukisia maisha yangu yote. Halafu nikakiona kidole changu, bado kina uvimbe. Nikamwuliza Mhindi. Tabbakhatna nini?

Kamwambia Wafula kwa Kiingereza, Wafula kanigeuzia. "Anasema wewe ndio kuki, Auntie. Mpishi."

Mpishi wao au mpishi wa nani, nikasema, uliza vizuri. Wakasemezana tena. Mhindi kacheka, kapiga kifua chake, kamwonyesha Bibi, kanionyesha mie.

"Mpishi wetu," Wafula akasema. "Bibi amesema, huyu ni mpishi wetu."

Nikamwuliza na la pili, maana nilikwisha kuanza. Juzi Madam alisema khalas kwenye simu. Khalas nini?

Wafula kanishangaa. "Si alimaliza na ofisi? Alisema khalas, huyu anabaki, hataki mwingine. Aliniambia siku hiyo hiyo jioni nikimpeleka dukani. Mimi nilidhani unajua."

Sikujua. Sikuuliza.

Tumerudi na tasi kilo mbili. Nimewakata miiba kwa mkasi, mmoja mmoja, Bibi kakaa jikoni kwenye kiti chake anasimamia. Nimemwonyesha kila kitu nikimwuliza jina. Kisu, mkasi, chumvi, gamba. Kanijibu yote kwa subira, ananirekebisha ulimi, hata lile yibi lake la kila siku, yaani lete. Mwisho kaniuliza yeye. Kanyooshea samaki, kanyanyua kidevu: nyinyi je?

Tasi, nikamwambia.

Kalijaribu. "Tasi." Kalirudia, na pengo la meno likapiga mluzi.

Begi nimelifungua baada ya adhuhuri, nguo nimezitundika. Nilikuwa bado na hanga mkononi Bibi alipogonga fimbo sakafuni na kuniita kutoka chumbani kwake, kwa sauti ile nene, ana njaa.

"Yibi tasi."